Hakuna Aliyejisomesha Peke Yake: Lugha za Kigeni Unguja na Funzo kwa Anayeanza Kijapani

Kijapani ukikitazama kwa mbali kinaogopesha. Kuna hiragana, herufi 46. Kuna katakana, nyengine 46. Halafu kuna kanji, zile alama zenye asili ya Kichina, ambazo orodha rasmi ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 inazihesabu 2,136. Taasisi inayowasomesha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria kwamba mwanafunzi wao anahitaji saa 2,200 za darasani ili akimudu Kijapani kwa kazi. Sasa chukua kalkuleta. Ukisoma nusu saa kila siku, saa 2,200 ni siku 4,400, yaani miaka 12 na kidogo. Na hao wana walimu. Wewe una simu, kitabu cha PDF ulichorushiwa na rafiki, na hamu.

Je, inawezekana kujisomesha lugha ya namna hii mwenyewe, ukiwa zako Kikwajuni au Fuoni?

Badala ya kukimbilia matangazo ya "Kijapani kwa siku 90", nakuomba tupite kwanza kwenye historia. Unguja ni mahali pazuri pa kuliuliza swali hili, kwa sababu kwa zaidi ya miaka 150 watu wamekuwa wakijisomesha lugha na maandishi hapa, na baadhi yao wametuachia kumbukumbu za jinsi walivyofanya. Nimezisoma kumbukumbu hizo kwa sababu utafiti wangu unahusu historia ya elimu, na kuna jambo moja linajirudia. Kila mtu tunayemsifu kwamba "alijifunza mwenyewe", ukimfuatilia vizuri, nyuma yake utamkuta mtu aliyemsikiliza na kumsahihisha. Mara nyingi mtu huyo husahauliwa. Na mwanafunzi wa leo anayeamini hadithi ile ya nusu huiacha nje sehemu yenye kazi kubwa kuliko zote.

Mfupa wa ngamia

Tuanze na Sayyida Salme. Alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, kaskazini kidogo ya Mji Mkongwe. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, na mama yake, Jilfidan, alikuwa Msirkasi. Katika nyumba ile, kama alivyokuja kusimulia mwenyewe, ukipita ukumbini unasikia Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kihabeshi, Kiswahili. Watoto wa kike walisomeshwa kuisoma Qur'ani. Kuandika ilikuwa shughuli nyengine, na haikuonekana kuwa ya mwanamke.

Salme akaamua kujifunza kuandika kwa siri. Aliufungua msahafu, akawa anaziiga herufi moja moja juu ya mfupa wa bega la ngamia, ambao zama hizo ndio uliokuwa ubao wa mwanafunzi. Hakuwa na darasa wala kitabu cha mazoezi. Alikuwa na kielelezo mbele ya macho na mkono wa kuiga.

Watu wengi wakiisimulia habari hii huishia hapo, na huwa tamu sana: binti wa mfalme, mfupa, na siri. Lakini katika kumbukumbu zake Salme hakuishia hapo. Alipokwisha kuweza kuunda herufi, aliona kuwa bado mwandiko hajaupata, na hapo akamchagua mtumwa mmoja wa nyumbani aliyekuwa na elimu awe mwalimu wake wa kuandika. Kuiga peke yake kulimfikisha kwenye umbo la herufi. Kilichomtoa hapo na kumfikisha kwenye barua inayosomeka ni jicho la mtu mwengine.

Na barua zile hazikuwa mchezo. Mwaka 1859, Salme akiwa na umri wa miaka 15 hivi, ndugu yake Barghash alijaribu kumpindua kaka yao Majid aliyekuwa Sultani. Waliokula njama walihitaji mwandishi, na kwa sababu Salme alijua kuandika, kazi ikamwangukia yeye. Jaribio lilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki mjini akiwa ameharibikiwa na jamaa wengi. Elimu ile ya siri ilimtia katikati ya mambo makubwa kuliko umri wake.

Baadaye akaanza lugha nyengine kabisa. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, mwaka uliofuata akaolewa Aden na mfanyabiashara wa Kijerumani, Rudolph Heinrich Ruete, wakahamia Hamburg. Mwaka 1870 mume alifariki baada ya ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ambayo lugha yake ilikuwa bado ngeni kwake. Alijikimu kwa kusomesha Kiarabu, na mwaka 1886 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, kwa Kijerumani. Yule mtoto wa mfupa wa ngamia alikuwa amefika mbali sana.

Sasa mrudie yule mtumwa mwalimu. Hakuwa na hiari ya kukataa kazi. Jina lake halimo katika hadithi tunayosimuliana. Tutamrudia mwishoni.

Kitabu cha Mombasa, watu wa Unguja

Mwaka ule ule aliozaliwa Salme, mmisionari wa Kijerumani Johann Ludwig Krapf alishuka Zanzibar, akapata barua ya utambulisho kutoka kwa Sayyid Said, kisha akaenda kuishi Mombasa. Krapf anasifiwa kama mtu aliyeifungua njia ya kukiandikia Kiswahili sarufi, na sifa hiyo anaistahiki: sarufi yake ilichapishwa Ujerumani mwaka 1850, na kamusi yake kubwa ikatoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Lakini alipoanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo mwaka 1844, hakukaa peke yake na karatasi. Alikaa na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Mohiddin.

Miaka 20 baadaye, Agosti 1864, Edward Steere alifika Unguja na ujumbe wa misheni ya Kiingereza. Alikuwa na faida ambayo Krapf hakuwa nayo: vitabu vya Krapf. Alikuwa pia na tatizo ambalo wewe mwanafunzi wa Kijapani utakutana nalo mapema. Kiswahili cha kitabuni kilikuwa cha Mombasa. Aliyejifunza kwenye kitabu hicho angesema *nti* mahali ambapo Unguja wanasema *nchi*, na *ndia* mahali ambapo Unguja wanasema *njia*. Si makosa, ni Kimvita. Lakini mgeni anayezungumza Kimvita cha kitabuni huku Mkunazini angejulikana mara moja kwamba amekipata kwengine.

Steere alifanyaje? Alikaa na watu akawasikiliza. Mwaka 1870 alitoa vitabu viwili. Kimoja ni mwongozo wa Kiswahili, na jina lake lenyewe linasema ni cha lugha "kama inavyozungumzwa Zanzibar". Cha pili ni mkusanyiko wa hadithi za Kiswahili, na jina lake nalo linatamka kwamba zimesimuliwa na wenyeji wa Zanzibar. Kwa maneno mengine, hata jalada linakiri: mwandishi alishika kalamu, wenyeji ndio waliotoa lugha.

Wajerumani wa Berlin nao walilijua jambo hili. Walipofungua chuo cha lugha za mashariki mwaka 1887, hawakutosheka na maprofesa wao na sarufi zao. Walimleta Sleman bin Said kutoka Zanzibar, na baada yake, kuanzia 1891 hadi 1895, Amur bin Nasur, wawasomeshe Wajerumani Kiswahili kwa ulimi ulio hai. Hata dola yenye vitabu na pesa ilimtafuta mtu wa kusema, "hapana, hivyo hatusemi."

Funzo kwako ni hili. Chanzo chako cha kwanza cha Kijapani kitakuwa na "Mombasa" yake. Kwa vijana wengi siku hizi chanzo hicho ni katuni za anime. Anime ni nzuri kwa masikio, na mimi sikukatazi. Lakini lugha ya wahusika wake mara nyingi ni ya ubabe au ya marafiki wa karibu sana. Ukijifunza huko neno *ore* kwa maana ya "mimi" na *omae* kwa maana ya "wewe", kisha ukamwendea nalo mgeni mzee wa Kijapani pale Forodhani, ni sawasawa na kumwendea babu wa mtaani ukamwambia "Mambo vipi, mshikaji?" badala ya shikamoo. Neno lipo, sarufi iko sawa, heshima haipo. Kitabu hakikushiki mkono kukuzuia. Mtu ndiye anayekuzuia.

Herufi za Steere na herufi za Hepburn

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui, nalo linamhusu msomaji wa Kiswahili moja kwa moja.

Steere, alipokuwa akiamua Kiswahili kiandikwe vipi kwa herufi za Kirumi, alifuata kanuni nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitaliano, konsonanti kama za Kiingereza. Ndiyo maana leo tunaandika *ch*, *sh* na *j* kama Waingereza, lakini *a, e, i, o, u* tunazisoma kama zilivyo. Katika miaka hiyo hiyo, upande wa pili wa dunia, daktari mmisionari wa Kimarekani James Curtis Hepburn, aliyefika Japani mwaka 1859, alikuwa akitunga kamusi ya Kijapani na Kiingereza. Ilitoka mwaka 1867, na njia ya kuandika Kijapani kwa herufi za Kirumi iliyokuja kuenea kwa jina lake inafuata kanuni ile ile: konsonanti za Kiingereza, irabu za Kiitaliano.

Matokeo yake? Mswahili akiona *sakana*, *tamago*, *kuruma* anaweza kusoma bila ya kufundishwa, na anakaribia sana matamshi sahihi. Irabu ni tano kama zetu, na silabi nyingi zinaishia na irabu kama zetu. Mwingereza anahangaika na jambo hili kwa miezi. Sisi tumelizaliwa nalo.

Lakini zawadi hii ina mtego. Kwa kuwa herufi za Kirumi zinatuwia rahisi, tunabaki nazo. Mwanafunzi anamaliza mwaka mzima akisoma Kijapani cha Kirumi, kisha akifunguliwa gazeti la Kijapani ni kipofu. Salme alianza na herufi zenyewe, moja moja, kwa mkono. Nawe fanya hivyo hivyo: hiragana na katakana kwanza, kwa kalamu na karatasi, ndani ya wiki chache za mwanzo, na kanji zifuate pole pole ndani ya maneno, sio kama orodha.

Mtego wa pili ni urefu wa irabu. Mkazo wa Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ulimi wetu unataka kuupeleka huko kwa kila lugha, halafu silabi yenye mkazo tunaivuta kidogo. Katika Kijapani kuvuta irabu kunabadilisha maana. *Obasan* ni shangazi au mama wa makamo. *Obaasan* ni bibi kizee. Fikiria unamwita mwanamke wa miaka 40 "bibi kizee" mbele ya wenzake. *Kite* ni "njoo", *kitte* yenye kituo katikati ni stempu ya barua. Usidhani hatuna mfano wetu: *kufa* na *kufaa* zinatofautiana kwa nini? Kwa hiyo sikio lako linaweza, ila inabidi ulizindue.

Na mtego wa tatu ni maneno yanayofanana kwa sura. *Nani* kwa Kijapani ni "nini". *Mimi* ni masikio. Ukisema "mimi" huku umejishika kifua, mwenzako atashangaa kwa nini masikio yako yako kifuani. Kuna pia jina la dubu, ambalo siliandiki hapa kwa heshima yako na ya wazee wanaosoma. Ukilikuta kitabuni mbele ya mama, funika.

Kwa upande mwengine kuna mahali ambapo Kiswahili kinakubeba. Vitabu vingi vya Kijapani vimeandikwa kwa ajili ya Waingereza, na hutumia kurasa kueleza *kore, sore, are*, kwa sababu Kiingereza kina maneno mawili tu mahali pale. Sisi tunayo matatu: *hiki, hicho, kile*. Kilicho kwangu, kilicho kwako, kilicho mbali na sote wawili. Hayalingani kila mahali, lakini msingi ni huo huo. Ukisoma kitabu kilichoandikwa kwa mtu mwengine, usibebe na hofu zake. Utaratibu wa sentensi ndio utakaokusumbua kweli: "Salme aliandika barua" huwa *Salme ga tegami o kaita*, yaani "Salme, barua, aliandika", na zile *ga* na *o* ndizo zinazokuambia nani mtendaji na nini kimetendwa. Kitenzi subiri mwisho.

Wajapani nao walikuwa mahali ulipo

Ukihisi kwamba kazi hii imekuelemea, kumbuka kuwa Wajapani wenyewe walishapita njia hii kutoka upande wao. Mwaka 1771, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, madaktari Sugita Genpaku na Maeno Ryotaku walihudhuria upasuaji wa maiti wakiwa na kitabu cha Kidachi cha elimu ya mwili. Walipolinganisha michoro na walichokiona, wakakuta kitabu kinasema kweli, na elimu waliyorithi ina makosa. Wakaazimia kukitafsiri. Hawakuwa na kamusi ya kuwafaa. Maeno alijua Kidachi kidogo, wengine karibu hawajui chochote. Walikutana mara kadhaa kila mwezi, wakiinamia ukurasa mmoja, na Sugita alikumbuka uzeeni kwamba sentensi fupi iliweza kuwamalizia siku nzima. Tafsiri ilitoka mwaka 1774, na ikabadilisha utabibu wa Japani.

Angalia: hawakuwa na mwalimu mzungumzaji wa Kidachi, kwa hiyo unaweza kusema walijisomesha. Lakini hawakujisomesha *peke yao*. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mmoja akikwama, wa pili anakumbuka neno hilo alipoliona jana.

Mfano wa pili ni wa Fukuzawa Yukichi, mwandishi na mwalimu mashuhuri wa karne ya 19. Yeye alikisomea Kidachi kwa miaka, sehemu kubwa katika skuli ya Ogata Koan mjini Osaka, ambako wanafunzi walipokezana kamusi moja kubwa, usiku na mchana. Mwaka 1859 akaenda Yokohama, bandari iliyokuwa imefunguliwa kwa wageni, kujaribu lugha yake. Hakuelewana na mtu. Mabango ya maduka hakuweza kuyasoma. Wageni wale walikuwa wakitumia Kiingereza zaidi. Miaka ile yote! Fukuzawa aliumia, kisha muda si mrefu akaanza Kiingereza toka mwanzo, akagundua kwamba Kidachi hakikupotea bure, kwani lugha mbili zile ni jamaa.

Kwako wewe swali la Yokohama ni hili: Kijapani chako unakitakia nini, na umekijaribu lini kwa mtu? Wapo wanaosoma miaka mitatu kabla hawajamwambia Mjapani hata mmoja "habari za asubuhi". Nenda "Yokohama" yako katika mwezi wa kwanza, si mwaka wa tatu.

Kusahau kuna kanuni

Mwaka 1885, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha Salme, mwanasaikolojia wa Kijerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe. Alikuwa akikariri silabi zisizo na maana, kisha anapima anasahau kwa kasi gani. Baada ya siku moja, alipojifunza upya orodha ile ile, aliokoa thuluthi moja tu ya kazi ya mwanzo. Yaani sehemu kubwa ilikwisha yeyuka usiku mmoja. Lakini aliona na jambo la kutia moyo: orodha ambayo ingemchukua marudio 68 kwa siku moja aliimudu kwa marudio 38 yaliyogawanywa kwenye siku tatu. Kazi karibu nusu, kwa sababu ya nafasi katikati.

Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke nchini Marekani waliongeza jengine. Waliwapa wanafunzi makala fupi. Kundi moja lilisoma mara nne. Kundi jengine lilisoma mara moja tu, kisha likafunga karatasi na kujaribu kukumbuka mara tatu. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne walikuwa mbele. Baada ya wiki, wao walikumbuka asilimia 40, na wale waliojijaribu walikumbuka asilimia 61. Kusoma tena na tena kunakupa hisia ya kujua. Kujaribu kukumbuka ndiko kunakokupa kujua.

Ikiwa umesoma chuoni hapa Unguja, haya si mageni kwako. Mwalimu hakuwa akikuuliza umesoma mara ngapi. Alikuwa akikwambia "Soma", umefunga msahafu, na yeye anasikiliza. Kabla ya kupewa aya mpya unaisikilizisha ya jana, na siku nyengine unadurusu ya wiki iliyopita. Unakumbuka bila ya kutazama, kwa nafasi, mbele ya mtu anayekukatiza ukikosea. Wanasayansi wamekuja kupima kwa asilimia mambo ambayo walimu wetu wamekuwa wakiyafanya kwa fimbo. Fimbo tuiache, kudurusu tukuchukue.

Kwa hiyo ukijifunza maneno kumi ya Kijapani leo, usiyapitie kwa macho mara ishirini. Funika upande wa Kijapani, tazama Kiswahili, sema kwa sauti, ndipo ufunue. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Zipo programu za simu zinazokupangia ratiba hiyo, na vipande vya karatasi vinatosha pia.

Ulimi bila macho, macho bila ulimi

Ukienda Kiwengwa utawakuta vijana wanaozungumza Kiitaliano kinachotiririka bila ya kuingia darasani hata siku moja. Wamekipata ufukweni, kwa sababu riziki iko kwenye mazungumzo na kila kosa linasahihishwa na uso wa mteja. Upungufu wao ni kwamba wengi hawajapata nafasi ya kukisoma wala kukiandika, na mkataba wa kazi ukija kwa maandishi wanahitaji mtu wa kuwasomea.

Upande wa pili yuko msomaji wa chumbani. Mtihani mkubwa wa kimataifa wa Kijapani, wenye ngazi tano kutoka N5 ya mwanzo hadi N1 ya juu, ni wa kuchagua majibu, na hauna sehemu ya kuzungumza. Unaweza kufaulu na cheti ukapata, kisha ukashindwa kumwelekeza Mjapani njia ya kutoka Darajani hadi Shangani. Cheti si kibaya, na kwa mwombaji wa masomo kina thamani. Ila usikifanye kuwa ndio lugha.

Vijana wa Kiwengwa wana mtu lakini hawana kitabu. Msomaji wa chumbani ana kitabu lakini hana mtu. Salme, Krapf na Steere walikuwa na vyote viwili, na ndipo walipofika.

Mtafute, na umtaje

Basi ukiniuliza ufanye nini, jibu langu ni fupi. Kana kwa mkono. Kitabu kimoja unachokimaliza, badala ya saba unazozifungua kurasa kumi kumi. Kila siku kidogo, kwa kujijaribu. Sauti zisikilizwe tangu siku ya kwanza. Na kila wiki, angalau mara moja, mtu.

Mtu huyo utampata wapi? Chuo Kikuu cha Osaka kina wanafunzi wanaokisomea Kiswahili kama fani yao, na hapa Vuga wageni wamekuwa wakija kujifunza Kiswahili kwa miongo kadhaa. Maana yake ni kwamba mahali fulani kuna kijana wa Kijapani anayehangaika na ngeli kama unavyohangaika na kanji, na anamhitaji mtu wa kumwambia kwamba hatusemi "kitabu yangu". Wewe unacho anachokitafuta. Mpe nusu saa ya Kiswahili, akupe nusu saa ya Kijapani.

Na hapa ndipo tunapomrudia yule mwalimu wa Salme. Yeye alifundisha kwa sababu alimilikiwa, na alichokitoa kimehesabiwa kuwa juhudi ya mtu mwengine. Wewe na mwenzako mtabadilishana kwa hiari, sawa kwa sawa. Siku utakapoulizwa umejifunzaje Kijapani, usiseme "mwenyewe tu". Sema na jina lake.